Mashine ya Panya ya Mzee Yahya

Zinga,
28 Juni 2025

Dada Wahida,

Shikamoo. Usipoitikia nitajua umeshakuwa msomi kamili.

Umesema jumbe zangu za sauti huzisikilizi tena kwa sababu ni ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa, na kwamba nikiwa na shida niiandike kwa mkono, niipe basi la Morogoro pale Msata, eti ni mazoezi ya mtihani wangu wa QT, ule wa sisi tulioacha shule. Haya, naandika. Mtu aliyeachia kidato cha pili anaandika hivi, je angemaliza? Taifa lilipata hasara, basi tu.

Shida yenyewe ni mashine ya panya. Unajua pale kibandani kwangu, mbali na makava ya simu na chaja, mwaka huu nimeleta kutoka Kariakoo kidude cheupe cha kuchomeka kwenye soketi. Kinawaka taa ya buluu na kinatoa sauti kali sana, binadamu haisikii, panya anaisikia anahama na familia yake. Ndivyo boksi linavyosema. Mimi nilisema hivyohivyo, ila nilisema vizuri zaidi. Zimekwenda kama maandazi. Na posa yangu ilipokubaliwa kule Miono, nikampelekea Mzee Yahya, baba yake Shufaa, mashine moja kama zawadi kwa ajili ya ghala lake la mahindi. Mkwe wa kisasa, zawadi ya kisasa.

Juzi akaniita. Nimefika, hata maji sijapewa, ananionyesha gunia lina tundu la kupita ngumi. Akaniuliza:

"Muzammil, hiki kidude kinalia?"

"Kinalia, mzee."

"Wewe unakisikia?"

"Hapana, mzee."

"Mimi je?"

"Hata wewe, mzee. Ni cha panya."

"Na panya umemuuliza?"

Dada, unamjua Muzammil, mimi sikosi jibu. Nikaanza kumweleza maandishi ya boksi, akanikata kauli. Akasema tarehe ya nikahi ataitaja siku nitakayomsikilizisha hiyo sauti kwa masikio yake. Kwamba mtu anayemletea kitu asichoweza kumwonyesha, hawezi kumkabidhi binti.

Nimejaribu kila kitu. Nimeweka simu mbele ya mashine ikarekodi, nikasikiliza: mbuzi wa jirani, na mimi nakohoa. Nimemwita mtoto wa jirani, maana nimesikia masikio ya watoto ni makali. Akasema anasikia! Nikamrusha juu kwa furaha, kumbe anasikia redio ya dukani. Nimeleta paka. Paka kalala juu ya mashine, kwa sababu ina joto.

Nyie hapo chuoni si mnasikiliza popo? Basi mna dawa yangu. Niazime.

Ni mimi mdogo wako, bwana harusi aliyekwama,
Muzammil

*

Morogoro,
4 Julai 2025

Muzammil,

Marahaba. Mwandiko wako unafanana na jongoo aliyetoka kwenye wino, lakini umesomeka.

Kwanza, simu yako haina kosa. Sikio la binadamu linaishia kwenye mitetemo kama elfu ishirini kwa sekunde, na kwa mzee ni chini ya hapo. Simu imetengenezwa kwa maneno ya watu, kwa hiyo nayo inaishia palepale. Chochote kilicho juu yake inakitupa hata kabla ya kukihifadhi. Boksi la mashine yako linadai elfu thelathini mpaka arobaini. Kutafuta sauti hiyo kwa simu ni kama kuteka maji kwa tenga. Unahitaji kipaza sauti maalumu kinachofika huko juu, na mtambo wa kuishusha sauti hiyo mpaka sikio liipokee.

Kifaa hicho tunacho. Nakutumia kwa basi pamoja na barua hii. Nimekiwekea saini mimi, Muzammil, mimi fundi wa maabara nisiye na mjomba hapa chuoni. Kikianguka, nimeanguka nacho.

Soma taratibu. Zungusha kitufe mpaka arobaini, kisha kishushe kidogokidogo. Kisogeze karibu na mashine, hatua mbili tatu tu, kwa sababu sauti ya juu namna hii haifiki mbali, na ikikuta gunia au ukuta inaishia hapo. Sasa sikiliza mashine ikiwa imezimwa. Halafu iwashe usikilize. Halafu izime tena. Usiruke hatua hii. Mashine kama inalia utasikia mluzi unaoendelea, au unaopanda na kushuka sawasawa kama mtu anayebembea.

Na hata ikilia, hiyo si hoja kwamba panya atahama. Panya huzoea makelele, kama sisi tulivyokuzoea wewe.

Nakitaka kabla mwezi haujaisha. Tuna safari ya Saadani.

Dada yako,
Wahida

*

Zinga,
13 Julai 2025

Dada Wahida, mama wa elimu,

Shikamoo mara saba! Mwambie fundi cherehani wako aanze kupima. Tarehe imetajwa: Ijumaa ya kwanza baada ya Maulidi.

Sikiliza mambo ya mdogo wako. Nimefika Miono Jumatano jioni, kifaa nimekivaa shingoni kama daktari. Magharibi ilikuwa inakaribia. Nikamwambia Mzee Yahya aite watu, kwa sababu jambo la haki halifanywi gizani peke yako. Akaja ami yake Shufaa, Mikidadi, yule asiyenipenda tangu siku ya posa. Wakaja majirani, wakaja kina mama wakasimama kule uani. Shufaa alikuwepo, ananitazama kwa pembe ya jicho.

Tukaingia ghalani. Mashine inawaka taa yake ya buluu. Nikazungusha kitufe mpaka arobaini, kama ulivyosema, nikainua kifaa juu.

Ta. Ta. Ta-ta-ta-ta-trrrrrrrp!

Dada, kina mama wote wakasogea mlangoni. Halafu tena: ta-ta-ta-trrrp! Mzee Yahya akasema "Subhanallah." Mikidadi akarudi nyuma akakanyaga ndoo. Nikawaambia, "Hiyo ndiyo sauti mliyokuwa mnaniuliza. Mkiwa panya mngekaa humu?" Wakacheka wote. Mzee akanishika bega, ile namna ya baba.

Na hakuishia hapo. Amesema ghala lenye ulinzi kama huu haliwezi kuwa lake peke yake, basi majirani walete mahindi na ufuta wao humu, na mchele wa harusi uwekwe humuhumu. Paka wake wawili amewagawa kijijini Mandera, hawana kazi tena. Wikendi hii watu wanne wamenifuata kibandani wanataka mashine.

Lile la kuzima sikulifanya. Kitu kinafanya kazi mbele za watu wewe unakizima? Wewe una digrii lakini hujui biashara.

Sauti nimekurushia kwenye simu uisikie mwenyewe. Kifaa nitakileta, nataka tu niwaonyeshe na watu wa Msata.

Muzammil,
mtaalamu wa sauti zisizosikika, Zinga na vitongoji vyake

*

Morogoro,
17 Julai 2025

Muzammil,

Nimeisikiliza mara mbili. Mara ya pili nilikaa chini.

Huyo ni popo.

Popo wadogo wa kwenye dari, wanaokula wadudu. Hutoka magharibi, saa hiyohiyo uliyoita watu. Popo akiruka anatoa mlio wa juu ili mwangwi umwonyeshe mbele kuna nini. Akimwona mbu analia harakaharaka, na akikaribia kumkamata milio inaungana: trrrp. Hicho ndicho ulichowachezea wazee. Mashine ya plastiki haiharakishi ikimwona mbu, Muzammil. Mashine haina njaa.

Kwenye sauti uliyotuma hakuna mluzi wowote. Hakuna kabisa.

Nenda leo. Zima mashine, sikiliza. Kisha fungua moja uliyonayo kibandani utazame ndani. Na ukimaliza, kabla hujakaa, kabla hujajisifia kwa jambo lolote, mwambie Mzee Yahya. Umewafanya watu walete chakula cha mwaka mzima mahali ambapo panya hawana hofu hata ya paka.

Wahida

*

Zinga,
24 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani mwingi.

Nimezima mashine. Ta-ta-trrrp, kama kawaida. Nimeichomoa kabisa kwenye soketi, nikaitoa nje nikaiweka juu ya kisima. Ghalani ta-ta-trrrp. Nikafungua moja ya kibandani kwa bisibisi. Ndani kuna taa ya buluu na kipande cha bati cha duara, kimebandikwa kwa gundi, hakina waya hata mmoja. Nimeuza taa, dada. Nimeuza taa kwa maneno yangu mwenyewe, na aliyenidanganya hajanipa hata nafasi ya kujisifu kwamba nilijua.

Nimekwenda kusema. Wallahi nimekwenda. Hapo ndipo nilipochoka na dunia.

Nimemwambia Mzee Yahya: mashine haifanyi kazi, zile zilikuwa sauti za popo. Akaniuliza kwa upole, "Umepata mwingine?"

"Mwingine nani, mzee?"

"Msichana mwingine. Kama umebadili nia sema, usisingizie popo."

Nikamwapia. Akasema, "Mbona tangu siku ile sijaona hata kinyesi cha panya ghalani? Magunia mazima. Sakafu safi." Na kweli, dada! Nimetazama mwenyewe, sakafu safi kama ya msikiti. Hilo mpaka sasa sijalielewa.

Mikidadi naye akadai nataka kuikomboa mashine nikaiuze ghali zaidi huko Bagamoyo. Basi nikasema nitawaonyesha. Magharibi nikaizima mbele yao, kifaa kikaendelea kulia. Nikasema, mnaona? Imezimwa na bado inalia! Mikidadi akajibu, "Ni kama pasi. Ukiichomoa si inabaki na moto?" Na watu wakaitikia kwa vichwa! Pasi!

Kesho yake nikaja mchana popo wamelala. Mashine inawaka, kifaa kimya. Nikasema, haya, imewashwa na hailii. Unajua walichonijibu? "Mchana panya wenyewe wamelala, kwa nini ijichoshe?"

Miaka yote nimesema uongo mdogomdogo na watu wamenipokea kwa mikono miwili. Nimesema kweli mara moja, nimeambiwa nina msichana mwingine. Nimeshuka mpaka Msata kwa miguu, bodaboda nimemkatalia, nilikuwa naongea peke yangu.

Nifanyeje?

Muzammil

*

Morogoro,
29 Julai 2025

Mdogo wangu,

Kwa mara ya kwanza nimekuhurumia. Usiizoee.

Umewaonyesha mashine, hujawaonyesha kifaa. Wao wanaamini kile kifaa kinasikia mashine ya panya tu. Wape wakishike wenyewe. Tikisa bunda la funguo mbele yake, utasikia kama mabati yanaanguka. Sugua vidole. Kunja mfuko wa plastiki. Waelewe kuwa ni sikio, na sikio halichagui. Kisha watoe nje, wasimame chini ya ukingo wa paa magharibi, watazame popo akitoka na wasikie ta-ta wakati huohuo anapopita juu ya vichwa vyao.

Msimamizi wangu ameshauliza kifaa kiko wapi. Nimemwambia kinafanyiwa majaribio. Si uongo, lakini umeanza kunifundisha.

Na jambo moja. Nimezisoma barua zako zote upya. Mzee Yahya kasema, Mikidadi kasema, paka kalala. Shufaa yuko wapi? Ndiye unayetaka kumwoa, na hujaandika neno lake hata moja. Yeye umemwambia?

Wahida

*

Miono,
6 Agosti 2025

Wifi yangu Wahida,

Assalamu alaykum. Hatujawahi kuonana, lakini naandika kwa sababu kifaa chako kimo ndani ya mfuko huu, nimekifunga kwenye kanga. Muzammil alitaka kukaa nacho mpaka Ijumaa. Nimemnyang'anya.

Jumapili alikuja kwa shangazi akaomba kusema nami, shangazi ameketi pale mlangoni. Hakujisifu. Niliogopa, nikadhani kuna msiba. Akanipa kifaa nikatikisa funguo, nikakunja mfuko, halafu tukasimama uani, popo wakatoka. Nilimwona mmoja kabisa, amepita na mlio wake. Akaniambia, "Shufaa, mashine yangu ni taa." Nikamwambia najua.

Wifi, mimi nilijua tangu mwanzo. Ghala nalifagia mimi. Baba alipoahirisha nikahi kwa ajili ya lile gunia nililia, na watu walipofurahia ile milio nikaapa kwamba hataona gunia jingine lenye tundu. Kila alfajiri, kabla baba hajarudi kutoka msikitini, naokota kinyesi, nashona magunia kwa sindano ya mkeka, nayageuza upande ulioshonwa uelekee ukutani. Nilidhani nitamudu mpaka siku ya nikahi. Lakini sasa humo kuna mali ya majirani. Ufuta wa ami Mikidadi nimeushona mpaka gunia limekuwa kama kikapu. Mchele wa harusi umebaki nusu. Panya wamezaliana, na mimi vidole vimevimba.

Muzammil alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akasema, "Kumbe ni wewe! Nimeitwa mwongo siku zote hizi kwa sababu ya fagio lako!" Tukagombana. Yeye kasema mimi ndiye niliyemfanya asiaminike, mimi nikasema yeye ndiye aliyenifanya nifagie. Shangazi alichoka akaingia ndani.

Baba tulimwonyesha funguo na mfuko na popo, jana. Akasikiliza vizuri, akasema kifaa ni kizuri, lakini sakafu yake ni safi na yeye anaamini macho.

Basi leo sikufagia. Magunia nimeyageuza, sehemu zilizoshonwa ziko mbele. Mlango nimeuacha wazi. Adhana imeshapita, watu wanatoka msikitini, na kikohozi cha baba nakisikia njiani.

Niombee dua.
Shufaa binti Yahya

*

Miono,
16 Agosti 2025

Dada Wahida,

Shikamoo. Natumai kifaa kimefika na msimamizi wako amenyamaza.

Nusura niandike kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umeparuliwa. Nimetumwa Mandera kuwarudisha wale paka. Mmoja hakutaka kurudi, na nikamwelewa.

Nipo hapa tangu siku ile Shufaa alipoacha mlango wazi. Mzee Yahya hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaita kila mwenye gunia, akawaambia yeye ndiye aliyewaita na yeye ndiye atakayejazia kutoka kwenye mahindi yake. Kila mtu alipotazama lake, akanitazama mimi. Mikidadi alifungua ufuta wake, akatoka panya, akampita katikati ya miguu. Halafu Mikidadi akataka kuwasha moto awafukize popo, eti wao ndio walioshuhudia uongo. Nimesimama mlangoni na ufagio nikamwambia popo hawakusema lolote, mimi ndiye niliyewatafsiri. Hilo alikubali haraka sana.

Basi najenga. Tunainua sakafu ya ghala juu ya nguzo, na kila nguzo naivisha bati la mviringo kama sahani iliyopinduliwa ili panya akipanda akwame. Mzee anakagua. Nikipigilia msumari vibaya anaung'oa ananirudishia. Nimeondoa mashine zote kibandani, walionunua wananipigia simu kutwa. Nikiwaambia haifanyi kazi, wanadhani nina mpya ninayotaka kuwauzia. Dada, nimechoka mpaka kwenye ukucha.

Jana baada ya alasiri tulimaliza nguzo ya mwisho. Mzee Yahya akatuita mimi na Shufaa, shangazi akawepo, na Mikidadi, ili kusikia habari ya nikahi. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno mazuri, dada, nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri nikiwa juu ya ngazi. Hakunipa nafasi.

Akasema, "Nimefikiri. Huyu kijana anasema kisichokuwepo. Huyu binti yangu anaficha kilichopo. Nikiwatenganisha, mtaharibu nyumba mbili. Bora muharibu moja."

Akasema tarehe ni ileile, ila pilau haipo, hata ile nusu ya mchele iliyobaki imeliwa. Wageni watakunywa chai na kashata, na mimi ndiye nitakayesimama kuwaeleza kwa nini. Nimealika Zinga nzima, dada. Nimewaambia watakula mpaka washindwe kufunga mikanda.

Nikafungua mdomo kumjibu. Shufaa akanifinya paja, kwa vile vidole vyake vilivyovimba, akafinya kwelikweli.

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Muzammil